Masika ya Mama Makovu

Cheyo, Tabora, 9 Novemba 2024

Leo ni Jumamosi, tarehe tisa Novemba 2024. Niliondoka kijijini kwetu Goweko mwaka 1976, kwa hiyo imetimia miaka arobaini na minane. Nilikwenda kufanya kazi kwenye reli mpya ya Zambia, nikakaa Kapiri Mposhi, reli inapoishia. Nikaoa huko, nikalea binti huko, nikazika mke huko. Katika miaka yote hiyo nilikuja nyumbani mara moja tu, kwenye matanga ya mama, tena kwa haraka.

Safari hii nimeitwa na Levina, mjukuu wa marehemu kaka yangu Wilbroad. Anatengeneza filamu ya kutisha kuhusu tauni ya ndui iliyoupiga msafara wa wapagazi zamani, kwenye njia ile ile ya kutoka pwani kuja Unyanyembe, hapa Tabora. Alinipigia simu akasema, "Babu, nahitaji mtu aliyewahi kuugua ndui, na katika ninaowajua ni wewe tu ambaye bado unapumua."

Nilipoteremka kwenye basi alinipokea mbele ya abiria wote. "Jamani, huyu ndiye mume wangu! Mbona mmenirudishia akiwa amekunjamana hivi?"

Nikamwambia mahari niliyotoa ilikuwa ya mke anayejua kupika. Watu wakacheka. Kapiri hakuna mtu wa kunitania hivyo. Nilicheka nao, kisha nikajifanya natafuta begi langu.

13 Novemba

Nimesoma filamu yote ilivyoandikwa. Msafara unakaribia mjini ukiwa na ugonjwa ndani yake. Vijiji vinafunga njia kwa miiba. Wagonjwa wanaachwa porini pamoja na mizigo yao. Msichana mmoja mpagazi anajaribu kufika akiwa hai. Mtoto huyu Levina anajua kuandika. Damu ni kidogo. Kinachotisha ni watu walio nyuma ya ua, wanamsikia mtu akiomba maji nao wananyamaza.

Levina hajaridhika. Anasema ugonjwa wenyewe hauna uso. "Watu hawaogopi homa, babu. Wanaogopa mtu."

14 Novemba

Nimemsimulia habari za Recheli.

Nilikuwa na miaka minane nilipoupata ugonjwa. Watoto wagonjwa tuliwekwa kwenye kibanda porini, mbali na kijiji, na hakuna aliyeruhusiwa kuja isipokuwa mtu ambaye ndui ilikwisha kumpitia akapona, kwa kuwa haimrudii. Recheli alikuwa ameugua akiwa mdogo. Alikuwa msichana wa miaka kumi na minne hivi, akapewa kazi ya kutulisha peke yake. Mara ya kwanza nilipomwona ameinama mlangoni, kijinga cha moto mkononi, uso umejaa mashimo, nilipiga kelele nikidhani kifo kimekuja. Akasema, "Nyamaza, fungua kinywa." Akanilisha uji wa mtama. Tulikuwa watoto watano. Tulitoka watatu.

Levina aliacha kuandika akanitazama. "Rudia hapo pa mlangoni, babu."

20 Novemba

Mvua ya kwanza. Fupi, lakini mji wote ulitoka nje kuitazama.

23 Novemba

Hafsa, binti wa Dar es Salaam anayewapaka waigizaji vipodozi, ameshinda kutwa na uso wangu. Anapima makovu kwa ncha ya kidole, halafu anayaiga kwa gundi kwenye mashavu ya waigizaji, vijana wenye ngozi kama ya bilauri.

"Babu, uso wako ni noma," akasema.

"Hiyo ni sifa au tusi?"

"Sifa! Hakuna duka linalouza hiki kitu."

Tangu mke wangu afe hakuna mtu aliyenigusa uso kwa muda mrefu hivyo. Kapiri wanadhani niliungua moto nikiwa mtoto. Nilichoka kueleza, nikawaacha na moto wao.

1 Desemba

Kumbikumbi wametoka. Masanja, dereva wetu, Msukuma wa Shinyanga, amekula sahani nzima ya waliokaangwa, halafu akasema Wanyamwezi tunafuga wadudu kwa sababu ng'ombe wametushinda. Nikamwambia ng'ombe wake na yeye wanafanana kwa kila kitu, ila ng'ombe wananyamaza wakati wa kula. Sisi na Wasukuma ni watani. Angenisemesha kwa adabu, ningejua amenichukia.

7 Desemba

Goweko. Masanja alinipeleka, na njia ilikuwa tope tupu.

Nilimkuta Recheli ameketi nje ya bani lake, banda la kukaushia tumbaku, akichambua majani ya kunde. Lilijengwa na marehemu mumewe, na ndani yake amechoma tumbaku miaka mingi sana, moto usiku na mchana, hata macho yamekuwa mekundu na haoni vizuri. Nikamsalimia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka."

"Mwangaluka. Nani huyo mwenye viatu vya mjini?"

"Shikamoo, dada. Ni Tobias, mwana wa Magdalena."

Hakuitikia. Aliinuka akaja kunishika uso kwa mikono yote miwili, akatembeza vidole polepole kama mtu anayetafuta mlango gizani.

"Kidonda hiki cha karibu na jicho ulikikuna," akasema. "Nilikufunga mikono kwa kanga, na bado ukakikuna. Marahaba."

Nimekuwa mzee kwa muda mrefu sasa, lakini pale nilikuwa mdogo wa mtu.

Tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga. Anaishi peke yake. Mwanawe Justus ni fundi pikipiki hapa Cheyo, na kila Jumapili anakwenda kumwangalia. Nilimuuliza kama hana upweke. Akasema majirani ni wengi kupita kiasi, hasa Masolwa na mkewe Veneranda, ambao kuku wao wanadhani uwanja huu ni wao.

14 Desemba

Leo wamepiga picha za kibanda. Sikujua nitakachokiona.

Levina ameupa ugonjwa uso. Ni mwanamke anayeitwa Mama Makovu. Anainama mlangoni na kijinga cha moto, anamgusa mgonjwa kwenye paji la uso, na mgonjwa anakufa. Makovu ni yangu, Hafsa ameyapanga moja baada ya jingine. Macho ameyafanya mekundu.

Nilitafuta kiti. Walipopumzika nikamwita Levina kando.

"Huyu ni Recheli."

"Si yeye, babu. Ni hofu uliyokuwa nayo kabla hujamjua. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli, umeniambia mwenyewe."

"Ilidumu hadi kijiko cha kwanza."

"Ni filamu tu, babu."

Alisema kwa upole. Nimesoma vitabu vingi katika maisha yangu. Nilijua kwamba kitu kinaweza kuwa kizuri na bado kikamponda mtu aliye mbali.

25 Desemba

Krismasi. Mvua kutwa. Uyoga, wali, kuku.

9 Januari 2025

Levina ametoa klipu ya dakika moja ili watu waingoje filamu. Ni ile ya mlangoni. Jioni kijana wa dukani alinionyesha kwenye simu yake bila kujua mimi ni nani, kisha akainua macho akaniona, akarudi nyuma hatua moja. Akacheka kwa aibu. "Samahani, mzee. Imenitisha kweli."

11 Januari

Joto. Sikuandika kitu.

19 Januari

Justus amekuja akiwa amelowa. Hakutaka kuketi.

Klipu imefika Goweko. Watoto wanapita mbio mbele ya nyumba ya mama yake wakipiga kelele, "Mama Makovu!" Wiki iliyopita walitupa mawe juu ya bati. Kanisani, benchi lake limekaa wazi pande zote mbili. Juzi alikuta mistari miwili ya mahindi yake imefyekwa yangali na maua. Hakuna aliyesema neno baya mbele yake, na Justus anasema hilo ndilo linalomtisha. Sote tunajua huku kwetu mambo hayo huishia wapi kwa mwanamke mzee mwenye macho mekundu.

"Namleta hapa mjini," Justus akasema. "Akatae, akubali, namleta."

Levina alikuwa amesimama mlangoni. Alitoa simu akaifuta klipu mbele yetu.

"Umeifuta kwako," Justus akamwambia. Hakupaza sauti.

20 Januari

Tumekwenda wote Goweko. Levina alipiga magoti mbele ya Recheli akaomba radhi, akajaribu kueleza, akashindwa. Recheli alimuuliza kama amekula. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Sihami."

"Mama, watakuua."

"Labda. Nikiondoka leo watasema alilijua kosa lake, akakimbia. Na huko Cheyo nitakuwa nani? Kikongwe wa chumba cha uani. Hapa kuna watu niliowapokea wakitoka tumboni. Wamesahau kidogo, basi."

"Mjomba Tobias, mwambie."

Justus alinigeukia kana kwamba mimi, niliyeondoka, ndiye ninayejua faida za kuondoka. Nilisema ukweli: kwamba nimeishi salama Kapiri miaka arobaini na minane, na hakuna hata mmoja huko anayejua uso wangu ulipatikana wapi. Justus akasonya. Nilielewa kwa nini. Hata mimi nilikuwa naogopa.

Tumekubaliana Masanja awe analala pale na gari, akisingizia kulinda vifaa vya filamu.

28 Januari

Masanja anasema Recheli anakoroma kama trekta. Recheli anasema Msukuma amemaliza kuku wawili.

4 Februari

Mvua imekatika siku nne. Masolwa, jirani yake Recheli, ameshikwa na homa na kutapika. Wamempeleka zahanati.

6 Februari

Masolwa amefariki alfajiri. Zahanati wanasema malaria iliyochelewa. Kijijini, Masanja anasema kwa simu, hawasemi kitu. Wanaitazama nyumba ya Recheli na kutazama pembeni.

8 Februari

Nitaandika yote, kwa kuwa sitaki kuyapunguza baadaye.

Tulifika Goweko asubuhi, mimi, Levina na Justus. Tulimkuta Recheli amekwisha vaa kitenge cha msibani. Justus alimsihi asiende. Alimwambia wapo vijana pale waliokesha wakinywa. Recheli akasema asipokwenda kumzika jirani yake, hawatahitaji ushahidi mwingine. Hapo alikuwa na haki, na sote tulijua. Kwenda kulikuwa hatari, na kutokwenda kulikuwa hatari zaidi.

Akamwita Masanja.

"Msukuma, una kinywa?"

"Ninacho, bibi. Tena kikubwa."

"Leo usikifunge. Na usinionee huruma. Ukinionea huruma umeniua."

Masanja akasema amesikia, akatangulia.

Tulipofika, Masanja alikuwa tayari kaburini. Kwa kawaida ya huku kwetu mtani ana ruhusa ya kuharibu msiba ili watu wapumue. Alikuwa amelala chini kwenye shimo, miguu imekunjwa, akiwatukana wachimbaji. "Hili mmelichimba kwa ajili ya mtu au ya panya? Mimi sitoki. Leteni kuku, au Masolwa akalale kwenu!" Wazee walikuwa wakitabasamu.

Ndipo wakamwona Recheli. Tabasamu zikaisha. Kwenye mkeka wa wanawake kila mmoja alisogea kidogo, na pakabaki nafasi pana kama shamba. Vijana watatu waliokuwa wameegemea baiskeli walisimama wima. Nilikuwa nimemshika Recheli mkono.

Masanja akatoa kichwa shimoni.

"Jamani Wanyamwezi! Nimesikia mna mchawi, nimekuja toka Shinyanga kumwona. Ni huyu?" Akatoka, udongo mwili mzima, akamzunguka Recheli akimkagua. "Huyu? Hana hata jino la kumng'atia mtu! Kwetu mchawi wa namna hii tunamfungia na ndama."

Hakuna aliyecheka. Nilitamani anyamaze.

"Nilitaka kukuroga wewe kwanza," Recheli akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini ilifika. "Nikakitazama kichwa chako, Msukuma. Ndani ni kama debe. Dawa yangu ingeingia ikakosa pa kukaa."

Mtu mmoja alikohoa. Mwingine akacheka puani. Hapo Masanja akasema neno ambalo kijiji kizima kilikuwa kimelibeba tangu Alhamisi.

"Na huyu Masolwa? Umemla peke yako, bibi? Hata paja hukunitumia?"

Nilimwona Justus akipiga hatua. Veneranda, mjane, aliinua uso kutoka magotini.

Recheli aliuachia mkono wangu. Alimtazama Veneranda kwa macho yale mekundu.

"Masolwa nilimpokea mimi," akasema. "Usiku, mvua kama hii ya mwaka huu, mamake amekwisha kukata tamaa. Alikuwa na uzito wa paka. Ningetaka kumla ningemla siku ile, nyama ikiwa laini. Nimengoja miaka hamsini na mitatu ili nile tumbaku iliyokauka?"

Kwanza nilidhani Veneranda analia. Mabega yalikuwa yakimtikisika. Kisha sauti ikamtoka, na ilikuwa kicheko, kicheko kibaya cha kukwaruza, machozi yanamtiririka. "Tumbaku iliyokauka! Ee mume wangu, umesikia wanavyokusema?" Wanawake wakashika vinywa. Kisha mkeka mzima ukavunjika kwa kicheko na kilio pamoja, wala sikuweza kusema kipi kimeishia wapi.

Veneranda alipiga mkeka kwa kiganja, pembeni yake. "Mama Recheli, njoo ukae. Umesimama kama mgeni."

Akaenda akakaa. Ile nafasi ikajaa.

Si wote. Kijana mmoja wa baiskeli alitema mate, akaondoka kabla ya sala. Lakini aliondoka peke yake.

Njiani kurudi, Masanja alisimamisha gari, akashuka, akatapika kwenye majani. Alirudi akajifuta mdomo.

"Ni hiyo michembe yenu," akasema.

15 Februari

Masanja ananiambia jana mvua ilizima jiko la Veneranda, naye akamtuma binti yake kwa Recheli kuomba moto. Aliniambia hivi hivi tu, akizungumzia kuni mbichi, kwa kuwa alidhani si habari. Niliomba arudie. Huku kwetu mtu akikuhofia hapeleki moto wa nyumba yako jikoni kwake.

16 Februari

Mvua.

17 Februari

Mvua. Levina anaandika upya. Hali chakula, hapokei simu.

2 Machi

Levina amemwomba Recheli aingie kwenye filamu. Nilidhani atakataa. Aliuliza maswali mawili tu: kama atavaa nguo zake, na kama mtoto wa kulishwa ana njaa kweli.

Sehemu ya mlangoni imebaki. Mtu bado anainama na kijinga cha moto, na yule msichana mpagazi, akiwa mgonjwa, bado anapiga kelele. Ila sasa kamera haikatizi. Inabaki pale pale mpaka mtu huyo anaketi na kufungua chungu, na tunaona kwamba katika watu wote wa filamu ni yeye peke yake aliyevuka miiba. Levina anasema bado ni filamu ya kutisha. Ninakubaliana naye. Sasa ninaogopa kwa ajili ya wale walio nyuma ya ua.

Hafsa alikaa na sanduku lake limefungwa. "Leo sina kazi," akasema, akamshika Recheli mkono kumwingiza kibandani.

Walirudia mara tatu. Walipotaka ya nne, Recheli akaweka kijiko chini. "Mtoto ameshashiba. Mnataka apasuke?"

23 Machi

Watu wanavuna tumbaku. Mabani yote yana moto, na harufu imeingia mpaka kwenye karatasi hii.

12 Aprili

Levina ametandaza shuka jeupe kwenye ukuta wa kanisa, akawaonyesha Goweko kile alichopiga. Watoto walipiga kelele kwenye sehemu ya mlangoni, kisha wakanyamaza. Mmoja, yule mdogo kuliko wote, alihama akaenda kukaa karibu na miguu ya Recheli, akawa anatazama juu ukutani, halafu kwake, halafu juu tena. Recheli alilalamika kwamba kamera imemnenepesha. Masanja akasema kamera haina kosa, ni kuku. Recheli akamwuliza ni nani aliyewala.

Yule kijana wa baiskeli alikuwepo, nyuma kabisa. Alitazama mpaka mwisho.

19 Aprili

Mvua zimekwisha. Anga limeoshwa. Basi langu la Mbeya ni kesho alfajiri.

Nilikwenda kuaga. Justus alikuwepo, amepanda juu akiziba mashimo ya mawe kwenye bati la mama yake. Hasemi tena habari za kumhamisha. Alinionyesha kiwanja nyuma ya bani, akasema ni changu nikitaka, tutaweka vyumba viwili kabla ya mvua nyingine. Alimaanisha. Nilikitazama kwa muda mrefu. Kina mninga mmoja na mteremko mzuri wa maji.

Recheli alinisindikiza hadi njiani, polepole, mkono wake kwenye kiwiko changu.

"Mimi wamenikumbuka," akasema. "Wewe je, mdogo wangu? Utarudi?"

Ningeweza kumwambia Mungu akipenda, kama watu wanavyosema. Lakini huyu aliwahi kunifunga mikono ili nisijiumize, na sikuona sababu ya kumdanganya. Nilimwambia nilikuja nikidhani natafuta mahali pa kufia, nikaona mtu akipigania mahali pa kuishi, na mahali hapo ni pake kwa sababu hakuwahi kupaacha. Mimi nilipaacha. Maisha yangu yako kule, na kaburi la mke wangu, na binti anayeningoja stesheni.

"Haya," akasema. Akanishika uso tena, mara moja, akaniachia. "Nenda kabla jua halijawa kali."

Nina miaka sabini na mitatu. Goweko nimeiona, na Recheli yuko nyumbani kwake. Sitarudi.